Mke Mwenza wa Maua ya Bluu

Mwanangu Zuhura,

Salamu umeshazipata asubuhi uliponiamkia, hapa sizirudii. Sasa adhuhuri imepita. Wewe uko Mgori kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, maana mama yangu hamruhusu mtu kuondoka bila kula mara mbili. Baba yako yuko uani anapunguza maua yaliyochoka. Mimi nimekaa kwenye kiti chake, nimechukua daftari lako la zamani la Jiografia, nimeligeuza nyuma ambako kurasa ni safi, naandika, upate kusoma usiku huu ukirudi.

Usitafute humu habari ya blanketi, wala chandarua, wala nani atakupokea Songea. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Ninalo jambo moja, nimekaa nalo miaka tisa. Kesho, kabla hatujatoka kwenda barabarani kusubiri basi, utakuja kupiga magoti uniombe radhi, kama afanyavyo mtoto anayesafiri. Wiki nzima nimejiuliza nitakupaje radhi wakati kuna kosa ambalo wa kuombwa radhi ni wewe. Na unajua wazazi wa kwetu tulivyo. Neno "nimekukosea" tunawafundisha watoto walitamke vizuri, sisi wenyewe likifika mdomoni tunaanza kukohoa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jambo lenyewe linamhusu mke mwenzangu.

Najua umeshaanza kucheka. Kisa unakijua jinsi anavyokisimulia Mama Salma, jirani yetu, lakini Mama Salma kila akikisimulia anaongeza chumvi, na wewe siku ile ulikuwa shuleni. Acha nikusimulie mimi mwenye aibu yangu.

Baba yako wakati ule alikuwa anatunza bustani ya nyumba ya wageni huko Dodoma, anarudi hapa Ihanja mara moja kwa mwezi. Unamjua baba yako na mimea. Hasemi "huu" wala "hii", anasema "huyu". Mpapai "amenuna", mchicha "anaumwa". Mimi nilishazoea. Sasa siku moja, mwezi wa tatu, simu ikalia, ujumbe kutoka kwake: "Kesho nakuja na Salvia. Ni mgeni, mtafutie mahali pazuri karibu na jikoni. Usimwambie Zuhura kwanza."

Nikausoma mara nne. Kuandika baba yako hajawahi kuwa fundi, nikajua alitaka kuandika Silvia. Mwanamke. Wa Dodoma. Anakuja kuwekwa karibu na jikoni kwangu, na mtoto asiambiwe. Wallahi, Zuhura, nilikaa chini palepale kwenye majivu.

Sikumpigia simu kumuuliza. Hilo ni kosa langu la kwanza katika kisa hiki, na ni kosa ninalolijua vizuri, nimelifanya mara nyingi maishani. Mimi nikiogopa jibu, siulizi. Ninajijibu mwenyewe, halafu namkasirikia mtu kwa jibu nililompa mimi.

Kesho yake nguo za baba yako zote zilikuwa ndani ya kiroba, kiroba mlangoni. Mama Salma na wanawake wengine wawili walikuja kukaa na mimi, wanajifanya wanabangua karanga. Nilisema kwa sauti kubwa, nao wakasikia wote watatu, kwamba huyo Silvia akikanyaga uwanja wangu nitamng'oa na mizizi yake. Maneno hayo uyashike, utayaona tena mbele.

Basi likasimama barabarani. Baba yako akashuka peke yake, amebeba gazeti lililolowa, amelikumbatia kifuani. Akaona kiroba. Akatuona sisi.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo Silvia wako."

Akalifungua gazeti polepole, akanionyesha vijiti vitano vya kijani, vina majani membamba. "Huyu hapa," akasema. "Amechoka na safari. Atatoa maua ya bluu, nilitaka Zuhura ashtukie tu."

Mama Salma alicheka mpaka karanga zikamwagika. Kuanzia siku ile lile ua halikupata jina lingine hapa kijijini. Mke mwenza wa Mama Zuhura. Hata mtu akipita na baiskeli asubuhi ananiuliza, mke mwenzio kaamkaje?

Baba yako akavipanda vile vipandikizi mstari mmoja, ukutani nyuma ya jiko, kwenye mchanga wetu huu mwekundu, mahali panapopigwa jua kutwa. Kabla ya kurudi Dodoma akatuita mimi na wewe. Akasema huyu hapendi maji mengi. Mvua zikiisha, ndoo moja tu kwa wote watano, Ijumaa kwa Ijumaa. Akishazoea, hata hiyo mpunguzieni. Umwagiliaji nikakuachia wewe, mimi nilikuwa bado nina kinyongo na lile ua, japo halina kosa.

Likastawi. Mvua zikakatika, kipupwe cha mwezi wa sita kikaja na upepo wake wa vumbi, majani ya kila kitu yakageuka rangi ya mchanga, na nyuma ya jiko langu kukatokea mikia mirefu ya maua ya bluu. Bluu hasa, ya kanga mpya. Nyuki wa mizinga ya baba yako wakaacha kuhangaika, wakahamia pale. Wewe ulikuwa unarudi shule, hujavua hata sare, unachuchumaa kuwaangalia. Ulikuwa unasugua jani kwa vidole halafu unaninusisha. Nilikuwa nasema toa huko, lakini harufu yake niliipenda.

Mwezi wa tisa, joto likiwa limerudi, Mama Salma akaja kuomba moto. Akamtazama mke mwenza, akakuta vumbi limemjaa, akasema, "Kumbe wivu haujaisha. Mwenzio unamnyima hata maji?"

Alikuwa anatania. Mimi likanichoma. Nikaona watu watasema nalikausha ua la mume wangu makusudi. Jioni ile ile nikaanza kumwagilia mwenyewe, kila siku, wewe ukiwa umeenda madrasa. Maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia, na siku nyingine maji safi niliyoyatoa kisimani kwa kichwa changu. Nikachimba visahani kuzunguka kila shina. Nikaenda mbugani nikaleta udongo mweusi, ule unaonata, nikaushindilia ili maji yasitoroke.

Usinicheke sana. Mimi nimekulia Mgori, nimechimba mchanga wa korongo kwa kata ya kibuyu nikisubiri maji yajae kikombe kwa kikombe. Kwetu mgeni akifika, kabla hajaulizwa habari, anapewa maji. Mtu aliyekua hivyo haimwingii akilini kwamba maji yanaweza kuua. Nilimwona baba yako bahili tu. Nikasema moyoni, nani duniani asiyependa maji?

Majani yakaanza kuwa manjano. Yakalegea. Mimi nikaona kiu, nikaongeza, asubuhi na jioni. Kadiri lilivyozidi kulegea ndivyo nilivyozidi kulinywesha. Lilipokuwa halipendwi lilistawi, Zuhura. Nilipoanza kulipenda ndipo likafa.

Siku ya Alhamisi nikavuta shina moja, likatoka lote bila ubishi. Mizizi myeusi, inanuka. La kuvunda halina ubani. Nikavuta la pili, la tatu, yote matano hivyo hivyo. Na baba yako alikuwa anakuja Jumamosi.

Hapo ndipo maneno yangu yaliponirudia. Nilisema mbele ya mashahidi kwamba nitamng'oa na mizizi yake, na sasa nimesimama na mizizi mkononi. Nani angeniamini? Nilishamwona moyoni baba yako akinitazama na kusema kumbe ulikuwa na nia hiyo hiyo tangu mwanzo. Tulikuwa tumegombana vibaya mwezi ule kwa simu, kwa mambo mengine ambayo hayana maana leo. Niliogopa. Nikayatia mashina motoni. Nikalegeza miti ya lango la uzio. Nikamfungua yule mbuzi wetu mzee, Kibogoyo, nikamwachia ndani ya uwanja, halafu nikapiga kelele kwamba mbuzi amemaliza maua.

Kibogoyo, Zuhura. Mbuzi ambaye meno yalishamwishia, tulikuwa tunampondea mabua. Ukitaka kujua hofu inavyompumbaza mtu, fikiria mama yako alivyomchagua mshitakiwa wake.

Baba yako alipofika akasimama pale ukutani. Halafu akauliza nani hufunga lango. Unakumbuka. Kazi ya kufunga lango ilikuwa yako. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ilikuwa mbele yangu kama mlango ulio wazi. Badala yake nikasema, "Nani mwingine kama si huyu binti yako, kichwa chake kipo kwenye michezo?" Nikachukua ufagio wa vijiti uliokuwa umeegemea ukuta, nikakuchapa miguuni mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kumwonyesha baba yako. Ya pili na ya tatu mpaka leo sijui zilikuwa za nini.

Ulisema, "Mama, nilifunga." Ulisema mara moja tu. Hukulia pale, ulienda kulilia bandani kwa mbuzi.

Ulifunga, mwanangu. Ulifunga vizuri, na mimi ndiye niliyefungua. Nimeliandika sasa, na limeandikika.

Baada ya hapo ukaendelea kuamka alfajiri na kufagia uwanja kama nilivyokufundisha, mistari ya ufagio imenyooka, hakuna jani. Isipokuwa ile kona ya ukutani. Ile uliiruka. Siku ya kwanza nikadhani umesahau, siku ya tatu nikajua unanifanyia kiburi. Unajua mimi na uwanja. Nilisemwa sana na mama mkwe wangu nilipoolewa, kwamba uwanja ndio uso wa mwanamke, na nikaapa hakuna atakayepita kwangu akakuta uchafu. Nilikuita mvivu. Nilikuita mchafu mbele ya wageni kutoka Singida mjini. Ulinyamaza, na kesho yake ukafagia kila mahali ukairuka tena kona. Majani makavu yakajikusanya pale, makapi, manyoya ya kuku. Mara mbili nilishika ufagio nikapafagie mwenyewe, na mara zote mbili nilifika pale nikashindwa. Kona ile ilikuwa inanitazama.

Mvua za kwanza zikanyesha, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Wiki mbili baadaye, asubuhi, nikiwa nakoroga uji, nikakusikia: "Mama, njoo uone!"

Nikaja. Ukanyanyua majani makavu kwa kidole. Chini yake kulikuwa na vimiche vidogo, jozi kwa jozi ya majani, vingi mno kuhesabika. Ulikuwa umeziona zile mbegu ndogo zikidondoka tangu mwezi wa saba, ukajua ziko pale mchangani. Ufagio wangu ungezipeleka zote jalalani. Wewe ulizilinda kwa kukaa kimya na kutukanwa.

Kwa hilo nakushukuru, na nakushukuru kwa ambalo huenda hata hukulifikiria. Baba yako alikuwepo nyumbani asubuhi ile, amelala ndani. Ua lilikuwa lake. Ungeweza kumwita yeye kwanza, ukajisafisha. Lakini wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi.

Kisha kuna siku ya Kibogoyo. Hatujawahi kuizungumza. Ilikuwa kiangazi kilichofuata, wewe una miaka kumi na miwili, maua yamejaa ukuta mzima. Mimi nachambua mchele, wewe unasuka mkeka. Kibogoyo akakata kamba yake ya mgomba, akaja taratibu mpaka kwenye maua. Akanusa. Akapiga chafya. Akageuka, akaenda kutafuna ncha ya mkeka wako.

Ukasema, huku unamtazama mbuzi, hukunitazama mimi: "Mama, mbuzi hali salvia."

Nikajua kwamba umejua. Sijui ulijua siku ile au ulishajua zamani. Nafasi ikaja tena, miguuni pangu kabisa. Nikasema, "Nenda kamfunge."

Ukaenda ukamfunga. Uliporudi ukaketi palepale, ukaendelea kusuka, ukaniuliza kama mchele unatosha au uongeze mwingine. Miaka minane sasa hujarudia lile neno, hata siku tulizogombana. Ulipotaka kwenda bweni nikakukatalia, na baba yako akasimama upande wako, nilikuambia maneno makali sana. Ungeweza kunipiga na mbuzi yule. Hukufanya. Mtu mzima mwenye silaha kama hiyo angeitumia, mimi mwenyewe ningeitumia.

Baba yako nimemwambia leo asubuhi, ulipokwisha kuondoka. Nilimkuta anafuta mkasi wake wa bustani. Nikamwambia yote, tangu ndoo ya kwanza mpaka ufagio. Aliendelea kuufuta mkasi ule ule, nikadhani ananikasirikia. Mwisho akasema, "Mimi nipo hapa kila siku, utanieleza hata mwakani. Mtoto anaondoka kesho. Mwambie yeye." Akarudi kwenye maua yake. Ila niliona ameacha kukata, amesimama tu.

Unaenda kusomea ualimu. Siku moja utasimama mbele ya watoto, na chombo kitakutwa kimevunjika, na kila mtu atakuonyesha mtoto mmoja. Sina la kukufundisha hapo. Nakuomba tu umkumbuke Kibogoyo.

Na mimi ninajifunza bado. Nilipopata habari kwamba umepangiwa Songea, siku mbili njiani, nililia, nikaanza kuulizia chuo cha karibu, nikakuchosha wewe na baba yako. Ulikuwa umelegea wiki ile, huli vizuri, nami nikazidi kukuandama: umekula, umelala, utaweza? Halafu jioni moja namwagilia miche, nikajishtukia. Nikaitua ndoo chini. Kwa hiyo sitakupigia simu kila siku. Nitajaribu Ijumaa kwa Ijumaa. Ikinishinda ukaona simu siku ya Jumanne, pokea, useme, "Mama, ndoo." Nitakata mwenyewe.

Uwanja wetu sasa unaujua. Ukuta wote, njia yote mpaka langoni, bluu tupu, wakati mashamba ya alizeti yamebaki mabua. Watu wanasimamisha pikipiki kuomba vipandikizi. Nyuki wetu wana cha kula mwezi wa tisa, na asali ile nyeupe uliyombebea bibi yako leo imetoka huko. Yote hayo yametoka kwenye kona moja isiyofagiwa, na kwa mtoto aliyekuwa na sababu zote za kuniacha na jangwa langu. Alhamdulillahi. Ninasema hivyo kila asubuhi nikifungua mlango wa jiko, ila sikuwahi kukwambia kwamba ninakusema wewe.

Ndani ya begi lako, juu ya nguo, utakuta gazeti limelowa. Ni vijiti vitano. Nimevikata mwenyewe, baba yako amenisimamia. Wanasema Songea mvua hazina mchezo, basi mpandie juu ya tuta, mahali penye jua, maji yapite yaende zao. Akionekana amelegea, usikimbilie ndoo. Tia kwanza kidole kwenye udongo.

Kesho ukija kupiga magoti, nitakushika mikono kabla hujafika chini. Nisamehe, Zuhura. Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo hata siku ile bandani kwa mbuzi. Naomba na wewe unipe yako. Kama neno ni zito asubuhi na watu wamejaa, usilitamke. Wewe niambie tu, "Mama, mbuzi hali salvia," nami safari hii nitakuitikia.

Na ufagio usiuguse alfajiri. Bibi yako wa Mgori hafagii nyayo za msafiri siku anapoondoka, na mimi tangu niolewe nimekuwa nikimcheka, nikimwambia uchafu ni uchafu. Kesho watu watapita hapa wataukuta uwanja wangu haujafagiwa, kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Waache waseme. Sitaufagia.

Mama yako